Stadi ya Kuandika Kiingereza Butembo na Beni: Nafasi ya Kiswahili, Kinande na Kifaransa

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa stadi nne za lugha, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, stadi ya kuandika ndiyo inayochelewa kukomaa, na ndiyo inayopimwa kwa ukali zaidi. Msemaji anayekosea papo hapo huweza kujisahihisha au kusaidiwa na ishara za uso. Mwandishi hana nafasi hiyo, kwani maandishi yake husomwa akiwa hayupo na huhukumiwa kama yalivyo.

Makala haya yanachunguza jinsi stadi ya kuandika Kiingereza inavyoweza kukuzwa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu katika miji ya Butembo na Beni, mkoani Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Swali hili laweza kuonekana geni katika jarida la taaluma ya Kiswahili. Hata hivyo, mwanafunzi wa Butembo hakifikii Kiingereza akiwa mtupu. Hukifikia akiwa na Kinande, Kiswahili na Kifaransa, na kila moja ya lugha hizo huacha alama katika sentensi anayoiandika. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba makosa mengi yanayohesabiwa kuwa ya kutojua Kiingereza yana asili inayofahamika, na kwamba Kiswahili, ambacho mara nyingi huachwa nje ya mlango wa darasa la Kiingereza, ni msaada mkubwa kuliko inavyodhaniwa.

2.0 Lugha na Kazi Zake

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi ya nchi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Katika miji inayojadiliwa hapa mgawanyo wa kazi ni dhahiri. Kinande, lugha ya Wanande ambao pia hujiita Wayira, ni lugha ya nyumbani na ya vijijini. Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya barabarani, ya mahubiri na ya mawasiliano na wageni kutoka sehemu nyingine za mashariki. Kifaransa ni lugha ya ofisi, ya mahakama na ya darasani. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakihifadhi Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, huku ikiruhusu lugha za taifa au za mahali zitumike kama chombo cha kujifunzia.

Kiingereza si miongoni mwa lugha hizo, lakini mahitaji yake yanaongezeka kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni biashara. Bidhaa zinazouzwa Butembo hupitia Mombasa na Kampala, huingia nchini katika mpaka wa Kasindi, na kwa upande wa pili kahawa na kakao ya Beni hutoka kwa njia hiyo hiyo. Kongo ilikubaliwa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Machi 2022. Mkataba ulioiunda Jumuiya hiyo mwaka 1999 ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya kuendelezwa kwa mawasiliano mapana. Ingawa baadaye viongozi waliafiki kuviingiza Kiswahili na Kifaransa katika orodha ya lugha rasmi, fomu za forodha, mikataba na barua za makampuni ya usafirishaji bado huandikwa kwa Kiingereza.

Sababu ya pili ni kazi za misaada na afya. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliikumba Mangina, Beni na Butembo na kuua watu zaidi ya 2,200. Katika kipindi hicho vijana wengi wenye shahada walijikuta wakitakiwa kuandika, au angalau kusoma na kuhakiki, ripoti za Kiingereza kuhusu vijiji vyao wenyewe.

Sababu ya tatu ni taaluma. Sehemu kubwa ya utafiti kuhusu eneo hili imechapishwa kwa Kiingereza. Kitabu cha Randall Packard kuhusu utawala wa jadi wa Bashu kilitoka mwaka 1981. Kile cha Timothy Raeymaekers kuhusu wafanyabiashara wa Butembo kilitoka mwaka 2014. Mwanafunzi asiyeweza kuandika Kiingereza huweza kusoma vitabu hivyo kwa taabu, lakini hawezi kuvijibu mahali ambapo jibu lake lingesomwa. Kwamba jambo hili linawezekana limeonyeshwa na Ngessimo Mutaka, mwanaisimu mzawa wa lugha ya Kinande, ambaye uchambuzi wake wa toni za lugha hiyo, uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1994, umeifanya Kinande ijulikane kwa wanaisimu wa dunia nzima.

Vyuo vyenyewe vimelitambua hitaji hili kwa viwango tofauti. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kilikulia katika desturi ya Kifaransa. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, kilichoanzishwa Beni mwaka 2007, kilichagua tangu mwanzo kutumia Kifaransa na Kiingereza pamoja.

3.0 Chanzo cha Ugumu

Mwanafunzi wa Kikongo hujifunza Kiingereza akiwa sekondari, kwa saa chache kila juma. Mwishoni mwa masomo hayo kuna Mtihani wa Taifa, ambao ulianzishwa katika miaka ya 1960. Katika mtihani huo insha huandikwa kwa Kifaransa. Maarifa ya Kiingereza hupimwa kwa maswali ya kuchagua jibu sahihi.

Matokeo yake si vigumu kuyatabiri. Mwalimu hufundisha kinachopimwa. Mwanafunzi hujifunza kulitambua jibu sahihi anapoliona, lakini hajifunzi kulitunga. Huweza kufika chuo kikuu akiwa amekariri orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni bila kuwahi kuandika aya tatu za Kiingereza zinazofuatana. Pengo hili haliwezi kuzibwa kwa kumrudishia sarufi ile ile kwa mara ya pili, kwani alichokosa ni mazoezi ya kutunga, wala si kanuni.

4.0 Makosa na Asili Yake

4.1 Umiliki na jinsia

Kiswahili hakitofautishi jinsia katika viwakilishi: "mkoba wake" ni wa mwanamume au wa mwanamke, na Kinande hufanya vivyo hivyo. Kifaransa kina jinsia, lakini kiwakilishi cha umiliki hufuata jinsia ya kitu kinachomilikiwa. Kiingereza hufuata jinsia ya mmiliki. Mwanafunzi anayetaka kusema kwamba mama alimpeleka mwanawe wa kiume hospitali huandika "The mother took his son", kwa kuwa mwana ni wa kiume na mazoea ya Kifaransa yanamvuta huko. Katika ripoti ya afya au ya mahakama, kosa hilo la neno moja humbadilisha mzazi anayetajwa. Dawa yake ni swali moja linaloulizwa wakati wa kuhariri: nani mwenye mali?

4.2 Njeo

Hapa Kiswahili sanifu ni mwalimu mzuri kuliko Kifaransa. Kifaransa cha kila siku hutumia umbo moja kwa tendo lililokwisha na lenye matokeo hadi sasa, na kwa tendo lililofanyika wakati maalumu uliopita. Kiswahili hutenganisha: "amefika" si sawa na "alifika". Kadhalika, anayesema kwa Kiswahili "nimekaa Butembo tangu 2015" yuko hatua moja tu kutoka "I have lived in Butembo since 2015". Anayepitia Kifaransa, ambacho hutumia wakati uliopo katika sentensi hiyo, huandika "I live in Butembo since 2015".

Hata hivyo ulinganifu huo una mpaka wake. Kwa vitenzi vya hali, kiambishi -me- huonyesha hali iliyopo sasa. "Mtoto amelala" humaanisha kwamba yumo usingizini, na "amechoka" humaanisha kwamba uchovu anao sasa. Mwandishi anayeandika "The child has slept" atadhaniwa kuwa anamzungumzia mtoto aliyekwisha amka. Mwalimu anayefahamu sarufi ya Kiswahili anaweza kuonyesha msaada huo pamoja na mpaka wake katika somo moja.

4.3 Vibainishi

Kiswahili hakina vibainishi vinavyotangulia nomino. Kinande kina irabu ya mwanzo, kama katika "omundu", yaani mtu, na "ekitabu", yaani kitabu, lakini matumizi yake hayalingani na ya Kiingereza. Kifaransa huweka kibainishi hata panapozungumzwa jambo kwa ujumla wake. Ndiyo maana sentensi ya aina ya "The life is expensive in Beni" husikika mara nyingi. Mwandishi huyo hakusahau kanuni; ametumia kanuni ya lugha nyingine kwa ukamilifu. Akielezwa hivyo hujirekebisha upesi kuliko anapowekewa alama nyekundu tu.

4.4 Maneno yanayofanana

Kifaransa na Kiingereza vina maelfu ya maneno yanayofanana kwa umbo, na sehemu kubwa ya maneno hayo hulingana kwa maana pia. Hatari imo katika yale machache yasiyolingana. Neno la Kifaransa "assister" huweza kumaanisha kuhudhuria, ilhali "assist" ni kusaidia tu. "Actuellement" ni kwa sasa, ilhali "actually" ni kwa kweli. "Librairie" ni duka la vitabu, ilhali "library" ni maktaba.

Baadhi ya maneno haya huleta madhara yanayozidi kupoteza alama za mtihani. "Demander" ni kuomba kwa adabu, lakini "demand" ni kudai kwa nguvu. Kwa hiyo barua ya kuomba msaada inayoanza kwa "We demand" humuudhi msomaji kabla hajafika kwenye hoja. "Éventuellement" ni pengine, lakini "eventually" ni hatimaye. Ripoti ikisema kwamba wauguzi watarudi kijijini "eventually", msomaji wa Kiingereza ataelewa kuwa kurudi kwao ni hakika na kwamba wakati tu ndio haujajulikana. Mwandishi alitaka kusema kwamba hakuna hakika yoyote. Mtu anayesambaza dawa kwa kutegemea ripoti hiyo atakuwa amepotoshwa, wala hapatakuwa na kosa la sarufi la kumtahadharisha.

4.5 Tarakimu na herufi kubwa

Jambo ambalo vitabu vya uandishi hulipita haraka, lakini ambalo mpakani lina uzito, ni uandishi wa tarakimu. Katika desturi ya Kifaransa mkato hutenganisha nambari nzima na sehemu zake, na nukta au nafasi hutenganisha maelfu. Katika Kiingereza ni kinyume. Gunia za kakao zikiandikwa "2,500 kg" katika karatasi ya Uganda, ni kilo elfu mbili na mia tano. Kwa macho yaliyozoea Kifaransa ni kilo mbili na nusu. Mto Lubiriha ndio unaotenganisha Kasindi na Mpondwe, na kila ukingo una desturi yake ya kuandika nambari. Kwenye kipimo cha dawa, tofauti hiyo haifai kuachiwa bahati.

Kwa upande wa herufi kubwa, Kiswahili humsaidia tena mwanafunzi. Kifaransa huandika majina ya siku, ya miezi na ya lugha kwa herufi ndogo. Kiswahili huandika Jumatatu, Januari na Kiswahili kwa herufi kubwa, kama Kiingereza kinavyofanya. Mwanafunzi anayeambiwa "andika kama katika Kiswahili" hana haja ya kukariri kanuni mpya.

5.0 Mpangilio wa Hoja

Makosa ya sentensi huonekana kwa urahisi, kwa hiyo walimu huyashughulikia zaidi. Lakini maandishi yenye sentensi sahihi huweza kushindwa kufikisha hoja. Tofauti kubwa kati ya desturi ya Kifaransa na ya Kiingereza imo katika mpangilio.

Tasnifu ya Kikongo huanza kwa utangulizi mpana wenye sehemu zake maalumu: hali ya utafiti uliotangulia, tatizo, nadharia tete, sababu za kuchagua mada, mbinu, mipaka ya mahali na wakati, na mgawanyo wa kazi. Utaratibu huu una faida yake, hasa kwa kumlazimisha mwanafunzi aainishe swali lake. Insha ya shule nayo hufuata njia ya hoja, hoja pinzani na muafaka, ambapo msimamo wa mwandishi hujitokeza mwishoni. Msomaji wa Kiingereza hutarajia kuupata msimamo huo mapema, na kila aya ianze kwa sentensi kuu inayotangaza jambo moja, kisha ushahidi ufuate. Asipoupata katika ukurasa wa kwanza, hudhani kwamba haupo.

Tofauti hii hudhihirika zaidi katika barua. Barua rasmi nchini Kongo huanza kwa mwandishi kuona fahari ya kuja kwa heshima kubwa mbele ya wema wa mkuu anayeandikiwa, na humalizika kwa kumsihi apokee hisia zake za heshima. Barua ya Kiswahili nayo huanza kwa salamu na kumjulia hali mwandikiwa. Desturi zote mbili zinatokana na adabu iliyo hai katika jamii, na si jambo la kudharauliwa. Lakini adabu ya Kiingereza cha ofisi huonyeshwa kwa njia nyingine: kutaja shabaha katika sentensi ya kwanza, kutompotezea msomaji wakati, na kufunga kwa maneno mawili ya desturi. Mwanafunzi hana haja ya kufundishwa kwamba heshima yake ni ya kizamani. Anahitaji kufundishwa kwamba heshima ile ile, katika lugha hii, huvaa vazi fupi.

Kuna pia suala la kuunganisha matukio. Msimulizi wa Kiswahili hutumia kiambishi -ka-: alifika, akafungua, akatazama, akaondoka. Mfululizo huo ni mzuri na mwepesi. Ukihamishwa kama ulivyo huleta sentensi ndefu ya Kiingereza iliyoshonwa kwa "and" nyingi, ambamo tukio kuu halitofautiki na madogo. Mwandishi hana budi kuamua tukio lipi ni kuu, kisha ayaegemeze mengine juu yake.

6.0 Njia za Kukuza Stadi

Mapendekezo yafuatayo yamezingatia hali halisi ya madarasa: wanafunzi wengi, vitabu vichache, umeme usioaminika, na ukosefu wa usalama ambao tangu mwaka 2014 umeyakatiza masomo mara kwa mara, hasa Beni.

Kwanza, mpango wa hoja uandaliwe kwa lugha ambayo mwanafunzi anaimudu zaidi. Akiweza kueleza kwa Kiswahili, katika sentensi moja, jambo analotaka kuthibitisha, basi yuko tayari kuandika. Asipoweza, tatizo lake si la Kiingereza. Hata hivyo, ni mpango tu unaopaswa kuandaliwa kwa Kiswahili. Rasimu yenyewe iandikwe kwa Kiingereza moja kwa moja, hata ikiwa duni, ili kuepuka tafsiri sisisi.

Pili, kuandika kuwe kwa mara kwa mara na kwa kiasi kidogo. Aya moja kila siku ina manufaa kuliko insha ndefu moja kwa muhula. Haba na haba hujaza kibaba, na daftari la aya mia moja humwonyesha mwanafunzi mwenyewe alikotoka.

Tatu, usahihishaji ugawanywe katika hatua tatu. Usomaji wa kwanza uchunguze hoja na mpangilio. Wa pili sentensi, njeo na umiliki. Wa tatu tahajia, tarakimu na uakifishaji. Mwalimu mwenye wanafunzi mia moja hawezi kusahihisha kila kosa, na hana haja. Akichagua aina moja ya kosa kwa kila zoezi, wanafunzi wawili wawili waweza kulitafuta wenyewe katika madaftari yao. Anayetafuta kosa la mwenzake hujifunza kuliona la kwake.

Nne, mazoezi yatokane na maandishi yanayohitajika mjini: kumbukumbu za mkutano wa wauza kahawa, maelezo ya ankara iliyopotea Kasindi, ikisiri ya tasnifu iliyoandikwa kwa Kifaransa, tangazo la afya kwa watu wa pande zote mbili za mpaka. Ikisiri ina manufaa ya pekee, kwa kuwa humlazimisha mwanafunzi kuyabana mawazo ya kurasa 80 katika maneno 200.

Tano, usomaji uwe wa kuchunguza. Mwanafunzi apewe ukurasa mmoja wa Kiingereza uliochapishwa, abainishe sentensi kuu ya kila aya na neno linaloiunganisha na aya iliyotangulia. Ukurasa kuhusu eneo lake mwenyewe unafaa zaidi, kwani ujuzi wake wa mambo humsaidia kuhakiki kilichoandikwa.

Kuhusu programu za kompyuta zinazotafsiri, ambazo siku hizi zimo katika simu za wanafunzi wengi, hazifai kukatazwa wala kuaminiwa kabisa. Hufanya kazi vizuri zaidi kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kuliko kutoka Kinande. Tena huweza kukosea umiliki pale ambapo sentensi ya Kiswahili haionyeshi jinsia, kwa kuwa hulazimika kukisia. Mwanafunzi asiyeweza kuhariri hatalitambua kosa hilo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugumu wa kuandika Kiingereza Butembo na Beni hautokani na wingi wa lugha za wanafunzi. Unatokana na elimu iliyopima utambuzi badala ya utungaji, na mafunzo yanayojifanya kwamba mwanafunzi hana lugha nyingine. Kifaransa humpa hazina ya msamiati yenye mitego michache. Kiswahili humpa njeo, herufi kubwa na jukwaa la kupangia hoja. Kinande humpa maarifa ya mahali ambayo mtafiti mgeni huyafuata kwa gharama kubwa.

Kwa idara za Kiswahili, hapa pana kazi mbili. Ya kwanza ni kuandaa sarufi linganishi fupi ya lugha hizi nne kwa matumizi ya walimu. Ya pili ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi anayejifunza kuandika Kiingereza anajifunza pia kuandika Kiswahili sanifu kwa ustadi ule ule. Ripoti kuhusu kijiji cha Beni ikiandikwa kwa Kiingereza bora tu, itasomwa Nairobi na Geneva. Wanakijiji wanaotajwa ndani yake watabaki bila kujua yaliyosemwa juu yao, na bila nafasi ya kusema kwamba si kweli.